Safari ya Kuufuata Uso wa Mama Yoramu

Jamani, nimechoka kusimulia vipande vipande. Mama Halima amesikia habari za kuku, Shemeji Idi amesikia habari za trekta, na pale gengeni kuna mtu anatangaza kwamba nilikamatwa Igamba kwa kupima mashamba ya watu. Sikukamatwa. Naandika yote hapa mara moja, msome kwa zamu, kisha mniache nifanye kazi. Habari za nauli na maandalizi nazipita, maana hazina utamu.

Tunduma, nilivyojitwisha mzigo

Studio yangu mnaijua, na utaratibu wangu mmeucheka vya kutosha. Mimi sibonyezi kamera. Nina mrija mrefu wa mpira, ncha moja imeshikizwa kwenye kamera na ncha ya pili ina kipira kinachoenea kiganjani. Mteja akijiona yuko tayari anakibinya mwenyewe, na picha inapigwa. Kabla ya hapo tunakaa tunakubaliana avae nini, ashike nini, asimame wapi. Kazi yangu ni mwanga, umbali na soga. Nilianza hivyo baada ya kuchoshwa na picha za watu waliokauka kama wanasomewa hukumu. Ukimwambia mtu "tulia, usitikisike", sura yake inakimbia, unabaki na ya kuazima.

Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni Yoramu, fundi redio, Mnyiha wa Hasamba. Miaka minane hajafika kwao. Baada ya baba yake kufariki, bei ya kahawa ilipoanguka na kila mtu akawa anauza kivyake, Yoramu alimshauri mama yake wang'oe kahawa kidogo wapande mahindi. Mama akakataa. Siku moja mama kaenda msibani, Yoramu akachukua jembe akang'oa mistari minne ya kahawa iliyopandwa na marehemu baba yake. Mama aliporudi alisema maneno, Yoramu naye akajibu maneno, na asubuhi yake akashika njia ya kuja huku mpakani.

Sasa majuzi alikuja studio, akaegemea mlango.

"Dada Zuhura, wewe picha zako zinatoa watu wenyewe. Nifuatie sura ya mama. Nikiiona tu nitajua kama bado ana hasira na mimi. Kama hana, naenda nyumbani. Kama anazo, nakaa hukuhuku."

"Si uende ukamwangalie mwenyewe? Una macho."

"Naogopa, dada," akasema, na hakucheka.

Mimi mama yangu yuko Tanga, kaburini, na wakati wa mazishi yake nilikuwa hukuhuku nauza sura za watu. Basi sikuwa na ubavu wa kukataa. Nilichukua kamera, stendi yake ya miguu mitatu, mrija wangu na filamu mbili tu, kwa sababu nilidhani nakwenda Hasamba na kurudi. Safari ya siku mbili, nikawaambia. Mnakumbuka mlivyonicheka niliporudi siku ya tisa.

Hasamba, kuku aliyekosa mchinjaji

Niliteremka Vwawa, nikapata kijana wa watu mwenye baiskeli akanibebea vyombo, mimi nikatembea nyuma yake. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na baridi ya Mbozi inajulikana. Mtu wa Tanga kama mimi nilivaa kila nilichobeba na bado meno yalikuwa yanagongana.

Nyumbani kwa kina Yoramu nilipokelewa na Esta, mke wa kaka yake mkubwa. Mwanamke mnene mwenye haiba, sauti yake inafika kabla yake.

"Mama hayupo, dada. Kaenda Igamba kwa wifi yangu Raheli, kumsaidia kuchuma. Karibu ndani, utakula."

"Nashukuru, lakini bora niwahi Igamba."

"Utawahi umekula."

Nikakaa. Nikaomba kahawa, kwa kuwa nimezungukwa na kahawa pande zote, na kwetu asubuhi bila kahawa chungu haijaitwa asubuhi. Esta akacheka mpaka akashika ubavu. "Kahawa ni ya kuuza! Sisi tunakunywa chai." Nikaletewa chai ya maziwa kikombe kikubwa. Siku zote nilizokaa katikati ya kahawa, sikuonja hata tone.

Mchana alimkamata jogoo, akashika na kisu, halafu akasita. "Samahani, dada. Zuhura si jina la Kiislamu?"

"Ndiyo, mimi Mwislamu."

Kisu kikarudi ndani, jogoo akaachiwa. Nikamwambia asijisumbue, mimi mwenyewe naweza kumchinja. Esta akanitazama kama nimemtukana. "Mgeni ajichinjie kuku? Watu watasema nini?" Akamtuma mumewe, Joeli, kwa baiskeli akatafute Mwislamu. Tukangoja. Jogoo naye akaendelea na shughuli zake uani.

Katika kungoja huko Esta akaomba picha, na hapo nikafanya kosa. Alikuwa na kanga yake ya kuchumia, mikono imekolea utomvu, amependeza kweli, nikamwambia abaki hivyohivyo kwa sababu ndivyo alivyo. Akaweka mkono kiunoni.

"Picha ni yako au yangu?"

Nikaufyata. Miaka yote nawahubiria watu wachague wenyewe, kumbe nina yangu moyoni. Akaenda akavaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino, akasimama kando ya mashine yao ya kumenya kahawa, mkono mmoja juu ya mpini kama mwenye mali, akabinya. Na sasa picha nimeisafisha, nawaambia kweli: huyo ndiye Esta. Yule wa kanga ya kazini alikuwa wangu tu.

Kisha akanizungusha shambani. Kahawa mistari kwa mistari, mara katikati mahindi, yamekauka yanangoja kuvunwa.

"Hapo ndipo shemeji alipong'oa," Esta akasema kwa sauti ya chini, na kwake hiyo ni kazi.

"Mahindi haya anapanda nani?"

"Mama mwenyewe. Kila mwaka. Hataki tuyaguse."

Nilijaribu kulifasiri hilo nikashindwa. Huenda ni hasira aliyoamua kuipalilia, huenda ni jambo jingine.

Saa kumi na moja Joeli akatokea na Mwislamu. Jina lake Shabani, dereva wa lori la mbolea, Mrangi wa Kondoa. Tairi lilimpasukia barabarani, akawa amekaa anasubiri gundi ikauke, akasikia anaitwa kuchinja. Alichinja kwa adabu zote, akanawa, akakaa kitako kusubiri fungu lake. Tulikula ugali na kuku na maharage, na nilipomwuliza anaelekea wapi akasema Igamba. Basi kuku yule akanipatia chakula na usafiri kwa mkupuo mmoja.

Igamba, mpima mashamba

Shabani alinishusha asubuhi kwenye nyumba ya Raheli, dada yake Yoramu, akaenda zake kushusha mbolea. Raheli hakuwepo, yuko sokoni. Mama yake pia simwoni. Na mimi kukaa bure ni ugonjwa, kwa hiyo nikaona nipoteze muda kwa kutafuta mahali penye mwanga mzuri wa kumpigia mama. Nikasimamisha stendi ukingoni mwa shamba, nikaweka kamera juu, nikajifunika kitambaa cheusi nione vizuri. Nikasogea hatua kumi, nikaangalia tena. Nikasogea hatua kumi nyingine.

Nilipojifunua kulikuwa na wanaume sita mbele yangu, na majembe.

"Unapima shamba la nani?" mmoja akauliza.

"Sipimi, kaka. Mimi mpiga picha."

"Hata wale wa mwaka juzi walisema wanapiga picha. Tukasikia wameweka na mawe ya mipaka."

Kumbe miguu mitatu wanaijua, imewahi kufika hapo na watu wa ramani, na tangu siku hiyo watu hawalali vizuri. Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kukunja uso. Mwanamke wa peke yake, lafudhi ya pwani, anahesabu hatua pembeni mwa shamba la watu: hata ningekuwa mimi ningemshuku. Niliogopa, sitaficha. Nikafanya jambo moja ninalolijua, nikamshikisha kipira mzee aliyekuwa mkubwa wao, Mzee Laurenti.

"Shikamoo, mzee. Simama unapopapenda, ukiwa tayari binya. Kama ni kipimo, basi umepima wewe."

Akakishika kwa vidole viwili. Akasimama mbele ya shamba lake, akatafakari, akavua kofia, akairudisha, akabinya. Kamera ikalia *ka!* Akaruka nyuma, kisha akacheka, na cheko lake likawaambukiza wote. Baada ya hapo, jamani, sikuwa na mamlaka tena juu ya vyombo vyangu. Kila mtu alitaka kubinya. Mmoja alitaka na mkewe, mkewe alitaka bila yeye. Mzee Laurenti akarudi mara ya pili kwa madai kwamba mara ya kwanza alishtuka. Mimi nazungusha filamu huku nahesabu moyoni, na Raheli aliporudi kutoka sokoni nilikuwa nimebakiwa na picha tatu.

"Unamtafuta mama?" Raheli akasema, kikapu bado kichwani. "Pole, dada. Juzi kateremka Mbangala. Mwanangu mkubwa kajifungua huko, na mama hawezi kuacha kitukuu kikaoshwa na watu wengine."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Raheli akanihurumia, akanipakulia makande ya moto na parachichi nusu. Nilipomweleza nimetumwa na nani, aliacha kula. "Yoramu? Mzima?" Akafuta macho kwa kanga, akaniambia trekta linateremka kesho kutwa. Duka lenye filamu Igamba halikuwepo. Picha zangu zilikuwa tatu, na sura ya mama ikawa imezidi kwenda mbali.

Mteremko wa Mbangala

Kutoka Igamba unaacha baridi juu, unashuka, na kila kona unavua nguo moja. Trekta lilikuwa na tela, juu yake mapipa, mabati na abiria tuliokaa juu ya magunia ya chumvi. Dereva wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema mawili tu safari nzima: "Pandeni," na tulipofika kwenye mto mkavu wa mchanga, "Shukeni."

Lilizama. Tulisukuma, tukachimba kwa sahani za kulia, tukakata matawi, na kila akitia moto linazidi kukaa. Kwa muda wa saa tano tulikaa mtoni. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka karanga kuuza alifungua mfuko akatugawia, akasema hasara ya pamoja ni nafuu. Ndipo akatokea Msukuma mmoja na ng'ombe wake wanne wa kulimia. Hakuuliza kitu. Aliwafunga mnyororo, akapiga mluzi, na trekta likatoka mchangani limeona haya.

Dereva alitaka kumpa chochote, akakataa. Akaiangalia kamera yangu. "Mimi nataka picha."

Nikasimamisha stendi, nikampa kipira, nikamwelekeza asimame na ng'ombe wake. Akatikisa kichwa, akaja kusimama nyuma yangu mimi.

"Piga hao. Ndio waliovuta."

Akabinya akiwa nyuma ya kamera, na ng'ombe wanne wakatoka wakiwa wamesimama kwa heshima zao zote. Ni katika picha bora nilizowahi kuziona. Zikabaki mbili.

Mbangala, mama mwenyewe

Nilimkuta anamwogesha mtoto kwenye beseni. Mdogo wa umbo, mwepesi, kilemba kimefungwa upande, anaongea na kichanga kana kwamba kinamjibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shika taulo hiyo."

Nikashika taulo. Mtoto akakaushwa, akapakwa mafuta, akarudishwa kwa mama yake, ndipo nikaulizwa mimi ni nani. Tulikula kwanza, ugali wa mtama na mlenda na samaki wakavu wa Rukwa, kisha nikamweleza yote bila kuficha, kwa sababu picha ya kumhadaa mtu mimi siipigi. Alinisikiliza huku anachambua mboga.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula, mama."

"Kaoa?"

"Bado."

"Mvivu." Akachambua tena. "Na anasema atanijua hasira kwenye karatasi?"

"Ndivyo anavyosema."

Nikamweleza habari za kipira, kwamba achague mahali, achague nguo, na kwamba mimi sitabonyeza chochote. Hilo lilimfurahisha sana. Akavaa kitenge chake cha Jumapili, akachagua kigoda na ukuta wa jikoni wenye mwanga wa jioni. Akakishika kipira mapajani. Nikaanza soga, nikamsimulia wale wanaume wa Igamba na Mzee Laurenti alivyoruka. Akacheka. Jamani, alicheka kwa uso mzima, macho yamefinyana, pengo la mbele nje, na hapakuwa na hasira hata chembe katika uso ule. Ndio uso Yoramu alioutaka. Na kidole changu kilikuwa pembeni ya kitufe cha kamera. Kugusa kidogo tu, asingejua.

Sikugusa. Nilitamani mpaka mkono ukaniuma, lakini nilishampa neno langu, na kipira kilikuwa kwake. Cheko likaisha, na hakubinya.

"Hebu niambie," akasema. "Akiipata hii, akaona sina hasira?"

"Atakuja."

"Au atasema, 'mama hana hasira,' ataibandika ukutani, atatengeneza redio."

Namjua Yoramu.

"Wewe nitakuambia, lakini yeye usimwambie. Yale mahindi yanakubali kuliko kahawa. Alikuwa sawa, yule mtoto. Nilijua mwaka wa kwanza tu. Neno hilo ni langu, nitamwambia mwenyewe, machoni." Akainuka, akakigeuza kigoda, akakaa tena akiwa ameelekea ukuta.

"Mama, umenipa mgongo."

"Ndiyo. Wewe si ulisema nichague?"

"Lakini mama, kanituma uso!"

"Uso upo huku mbele. Anayeutaka auzunguke." Na kabla sijapata la kusema, *ka!*

Nilimbembeleza kwa picha iliyobaki. Nilimbembeleza kwa jina la Mungu wake na wangu. Akasema hiyo ni ya kitukuu. Akakitia kipira ndani ya kingumi cha mtoto, akafumba mkono wake juu yake, wakabinya pamoja, yeye akiwa amejiinamisha nje ya picha. Filamu ikaisha.

Nilinuna kutoka Mbangala mpaka Tunduma. Mtu akiniambia "pole na safari" nilimjibu kwa mkato. Siku nane, baridi, joto, mchanga, majembe ya watu, halafu nimepata mgongo! Nilijilaumu kwa kuwa na utaratibu wa kijinga ambao hata mimi mwenyewe siwezi kuuvunja.

Tunduma tena

Nilifika, nikaingia chumba cha giza kabla ya kuoga. Chini ya taa nyekundu mgongo ule ulianza kutokea kwenye maji ya dawa: kilemba cha upande, shingo nyembamba, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto kwa miaka ya jembe, na namna ya kukaa ambayo inasema wazi kwamba mwenye mgongo huu anasikiliza nyuma yake. Hasira zangu zikaisha humohumo chumbani.

Yoramu nilimkuta ana mteja, redio imefunguliwa tumbo, bisibisi mkononi. Nikamwekea picha juu ya meza. Akafuta mikono kwenye suruali, akaichukua kwa ncha za vidole. Aliiangalia sana. Kisha, jamani, akaigeuza. Akaangalia upande wa pili wa karatasi.

Mweupe. Akaigeuza tena.

"Dada," akasema, "uso uko wapi?"

"Anao mwenyewe. Anasema anayeutaka auzunguke."

Neno la mahindi lilinijaa mdomoni, nikalimeza, kwa kuwa si langu. Yoramu alianza kucheka taratibu, mabega yanatikisika, halafu sikujua tena kama anacheka. "Ni yeye," akawa anasema. "Ni yeye huyu, mama yangu, ni yeye kabisa." Akaitia picha kwenye mfuko wa shati, akachukua kofuli.

"Fundi," mteja akasema, "na redio yangu?"

"Nikirudi, kaka."

"Utarudi lini?"

Yoramu alikuwa ameshashika mlango. Alisimama kidogo, akalifikiria swali lile kwa heshima, kama fundi anayetaka kutoa jibu la kweli.

"Sijui," akasema. "Inategemea mama."